Mjane Aliyeambiwa Afunge Bizna: Stori ya Madam Mwenye Uso kwa Chupa ya Veuve Clicquot

Umeiona hiyo chupa, hata kama hujawahi kuinunua. Ni ile ya lebo ya manjano inayoletwa kwa meza ya mdosi klabuni na maweita watatu, fataki zikiwaka, simu zote zikigeuka upande huo. Ama umeiona kwa rafu ya juu kabisa pale wines and spirits, ile rafu mkono wako unafika lakini mfuko unakataa. Ukicheki kifuniko chake utaona picha ya mama mzee na kofia ya kizamani, anakukazia macho kama shosho aliyehesabu chapati akapata moja imepotea.

Wengi hulitaja jina lake ovyo, wanapiga picha, wanaendelea na sherehe. Linatamkwa karibu na Vuv Kliko. Na hilo neno la kwanza, Veuve, si jina la mtu. Ni Kifaransa cha mjane. Yaani ile shampeni watu wanafungulia kwa harusi imeandikwa Mjane Clicquot, kwa herufi kubwa, na hakuna mtu anashtuka.

Huyo mjane alikuwa mtu wa ukweli. Alifiwa na bwana akiwa na miaka 27, akabaki na kasichana ka miaka sita, bizna inayoyumba, nchi iko vitani, na baba mkwe ameshaamua kila kitu kifungwe. Keti nikupigie stori yake. Hata kama wewe si mtu wa tei, hii inakuhusu. Ni stori ya dame aliyefunguliwa mlango mmoja tu maishani, mlango wenyewe ukiwa msiba, na akapita.

Mtoto wa mdosi kwa mji wa vitambaa

Jina lake la kuzaliwa ni Barbe-Nicole Ponsardin. Alizaliwa tarehe 16 Desemba 1777 mjini Reims, kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, mji ambao wafalme wa nchi hiyo walikuwa wanaenda kuvishwa taji. Usidhani alianza chini kama hasla wa mkokoteni. Babake, Nicolas Ponsardin, alikuwa mdosi wa viwanda vya nguo za sufu, mwenye jumba na marafiki wakubwa.

Mapinduzi ya Ufaransa yalilipuka mwaka 1789 Barbe-Nicole akiwa na miaka 11, anasoma shule ya masista. Masimulizi yanasema fundi wa nguo wa familia ndiye alienda kumtoa huko. Alimvisha matambara ya mtoto wa maskini na viatu vya mbao, wakapita katikati ya umati wenye hasira bila mtu kujua huyo ni mtoto wa nani. Siku hiyo nguo safi ingeweza kukutoa roho.

Buda yake naye alikuwa mbleina. Alikuwa upande wa mfalme, lakini upepo ulipogeuka akabadilisha jezi fasta, akajiunga na wanamapinduzi wenye siasa kali. Napoleon alipoingia, Ponsardin akawa mtu wa Napoleon, akapata umeya wa Reims na cheo cha baron juu yake. Sisi watu wa nchi ya kuhama vyama hatuhitaji kuelezewa zaidi.

Mwaka 1798 Barbe-Nicole akaolewa na François Clicquot, kijana wa jirani mwenye pesa za levo ileile. Ibada za Kikatoliki bado zilikuwa na noma na serikali, kwa hivyo inasimuliwa kwamba padri aliwafungisha ndoa chini ya ardhi, kwa stoo ya mvinyo. Kama ni kweli, hakuna mtu alipata ishara wazi kuliko hiyo.

Babake François, Mzee Philippe Clicquot, alikuwa ameanzisha kampuni mwaka 1772. Bizna yenyewe ilikuwa vitambaa, mambo ya benki, na mvinyo kidogo kwa pembeni. François hakupenda vitambaa. Alitaka hiyo ya pembeni iwe ndiyo kazi yenyewe. Akawa anasafiri Ulaya akitafuta wateja, na bibi yake akawa anajifunza naye zabibu, mashamba na mapipa.

Champagne ni mahali kwanza

Hapa tulia kidogo, kwa sababu bila kuelewa hili shamba hutaelewa huyu dame alipigana na nini.

Champagne si aina ya pombe tu. Ni mkoa, na leo sheria inasema mvinyo wa mapovu uliotengenezwa kwingine hauruhusiwi kujiita hivyo. Huko ni kaskazini, kuna baridi, na udongo umejaa chokaa nyeupe. Ile chokaa inashika maji ya kutosha kiangazi, na mvua ikizidi inayaacha yapite. Zabibu huko zinaiva kwa shida, kwa hivyo zinabaki na ukali fulani, kama ukwaju ama ndimu kwa mbali. Kwa mvinyo wa kawaida hiyo ni shida. Kwa mvinyo wa mapovu, hiyo ndiyo siri.

Zabibu zinazotawala ni tatu. Kuna Chardonnay, nyeupe, inayoleta wepesi. Kuna Pinot Noir, yenye ngozi nyeusi lakini maji yake meupe, inayoleta nguvu. Na kuna Meunier, nyeusi pia, inayovumilia baridi. Familia ya Clicquot ilikuwa na mashamba vijiji kama Bouzy na Verzenay, ambako Pinot Noir inajivunia, na mpaka leo hiyo kampuni inaegemea Pinot Noir sana.

Mapovu je? Ni hamira, ile kazi ya mandazi. Hamira inakula sukari, inatoa kileo na gesi. Kwa unga ile gesi inafura mandazi. Kwa chupa iliyofungwa, gesi haina pa kwenda, inajificha ndani ya mvinyo mpaka siku utakapofungua. Presha ndani ya chupa ya shampeni ni zaidi ya mara mbili ya tairi la gari. Zama hizo vioo vilikuwa hafifu, kwa hivyo chupa zilikuwa zinalipuka kwa stoo, moja inapasua ya jirani, na wafanyakazi walikuwa wanavaa vinyago vya chuma kulinda sura. Hiyo ndiyo bizna François alimwachia bibi yake: ghali, hatari, na inategemea hali ya hewa.

Oktoba 1805

François alishikwa na homa akafariki Oktoba 1805. Miaka saba tu ya ndoa. Mtoto wao mmoja, Clémentine, alikuwa na miaka sita.

Mzee Philippe alivunjika. Huyo ndiye kijana wake wa pekee. Akasema yeye sasa basi, bizna ya mvinyo ifungwe, mambo yaishe. Hapa kwetu tunajua stori za mjane ambaye matanga hayajaisha na mashemeji washaanza kuulizia logbuku na hati ya shamba. Hii haikuwa hivyo. Mzee hakuwa ananyakua, alikuwa analia tu. Lakini kwa Barbe-Nicole matokeo yangekuwa yaleyale: angerudi nyumbani, avae nyeusi, angoje kuolewa tena ama kuzeeka.

Akaenda kwa mzee na pendekezo. Aachiwe bizna. Atie urithi wake ndani, na mzee naye aongeze mtaji.

Ili uone hiyo ilikuwa hatari kiasi gani, cheki sheria. Mwaka uliotangulia, 1804, Napoleon alikuwa ametoa kitabu chake cha sheria za kiraia. Kwa hicho kitabu mwanamke aliyeolewa alitakiwa kumtii mumewe, na bila ruhusa ya mume hangeweza kusaini mkataba wala kusimama kortini. Hata awe na akili kushinda bwana, hakuwa na sahihi.

Mjane ndiye alikuwa na nafasi. Hakuwa na mume wa kumwombea ruhusa. Angeweza kumiliki, kusaini, kukopa, kushtaki. Kile kifo kilichomvunja moyo ndicho kilimpa kalamu. Sasa unaelewa kwa nini Barbe-Nicole hakuolewa tena maisha yake yote, ingawa alikuwa mdogo na mwenye chapaa. Mwenyewe hakutuachia maelezo mengi ya moyo wake, lakini hesabu ilikuwa wazi: siku angesema ndiyo mbele ya padri, kampuni ingepata mdosi mwingine. Na unaelewa kwa nini hakuficha neno mjane. Aliliweka kwa jina la bizna kwa sababu hilo neno ndilo lilikuwa leseni yake.

Mzee Philippe alikubali, kwa masharti. Ajifunze kazi kwanza chini ya Alexandre Fourneaux, mtu aliyeijua hiyo biashara, washirikiane miaka minne ndipo ionekane.

Miaka minne ya ukame

Kama unangoja niseme aliomoka mara moja, pole. Kwa ground vitu vilikuwa different.

Napoleon alikuwa anapigana na karibu Ulaya yote. Uingereza ilikuwa imefunga njia za bahari, bandari zinafungwa na kufunguliwa kama mchezo. Mapema tu kwa safari yake, mzigo mkubwa wa chupa ulikwama Amsterdam kwa sababu ya hiyo vita, na mvinyo ukaharibika ukiwa stoo. Hebu fikiria umetuma kontena ya kwanza ya maisha yako, ikaozea bandarini, na hakuna bima ya kukulipa.

Mkataba ulipoisha mwaka 1810, Fourneaux akachukua njia yake. Mtu mwingine angechukua hiyo kama jibu. Barbe-Nicole akaenda tena kwa mzee, akapata mtaji tena, na safari hii akaandika jina lake mwenyewe: Veuve Clicquot-Ponsardin. Mjane wa Clicquot, binti wa Ponsardin.

Hakuwa mtu wa kusafiri. Biashara yote aliiendesha kutoka Reims, kwa barua, saa nyingi mezani, akihesabu kila chupa. Mguu wake wa nje alikuwa Louis Bohne, sezmani Mjerumani ambaye François alimleta kwa kampuni. Bohne alizunguka Ulaya mpaka Urusi akiuza jina ambalo bado hakuna mtu alilijua.

Nyota yenye mkia

Mwaka 1811 kimondo kikubwa kilionekana angani, nyota yenye mkia iliyokaa miezi mingi ikionekana kwa macho. Watu wengine walisema ni mwisho wa dunia. Wakulima wa Champagne wao walivuna. Zabibu za mwaka huo zilikuwa tamu na nyingi kiasi kwamba mvinyo wake ukaitwa mvinyo wa kimondo, na mjane akaanza kuchoma alama ya nyota kwa vizibo vyake. Ndiyo brandi hiyo, kabla mtu yeyote hajaita brandi.

Lakini mvinyo mzuri bila soko ni maji ghali. Urusi, wateja wake wa ndoto, ilikuwa imepiga marufuku mvinyo wa Ufaransa unaokuja kwa chupa. Mwaka 1812 Napoleon akaivamia Urusi, akarudi mikono kichwani. Mapema 1814 majeshi ya Urusi na Prussia yakaingia Reims kwenyewe. Wanajeshi wa adui mjini, na stoo yako chini ya ardhi imejaa mvinyo bora wa kizazi chako. Ngori.

Masimulizi yanasema aliwaacha wakunywe, akisema moyoni kwamba hawa wanaokunywa leo watarudi kulipa kesho. Alichokifanya baada ya hapo kiko kwa rekodi, na ndicho kilimfanya awe yeye.

Aprili 1814 Napoleon alianguka. Ufaransa nzima ikawa inangoja mambo yatulie, wafanyabiashara wenzake wakingoja marufuku ya Urusi iondolewe rasmi. Yeye hakungoja. Kimyakimya, bila washindani kunusa, alikodisha meli ya Kiholanzi iitwayo Zes Gebroeders, yaani Ndugu Sita, akapakia chupa 10,550 za ule mvinyo wa 1811. Bohne akaenda nazo. Lengo lilikuwa Königsberg, bandari ya Prussia iliyo karibu na Urusi, mji ambao leo unaitwa Kaliningrad.

Cheki kamari yenyewe. Kama marufuku ingeendelea, mzigo ungekwama kama ule wa Amsterdam. Kama joto la Juni lingezidi ndani ya meli, chupa zingelipuka baharini. Kama vita ingerudi, meli ingetekwa. Na huo haukuwa mvinyo wa kubahatisha, ilikuwa ni ile hazina yenyewe.

Ilifika salama. Marufuku ikaondolewa. Wakati washindani wakubwa kama Jean-Rémy Moët bado wanajipanga, mjane tayari alikuwa kwa soko, peke yake. Chupa ziliisha. Wiki chache baadaye akatuma meli ya pili na chupa 12,780 kuelekea St. Petersburg, nazo zikaisha. Katika muda mfupi Warusi walikuwa wanamwita mvinyo wao Klikovskoye, na Pushkin mwenyewe akalitia jina la Clicquot kwa kazi yake maarufu, Eugene Onegin.

Meza ya jikoni yenye matundu

Sasa ukaja msala wa wenye bahati: maoda mengi kuliko stoki.

Kizuizi kilikuwa uchafu. Hamira ikimaliza kazi inakufa na kubaki ndani ya chupa kama mashapo, na mvinyo unakuwa na ukungu. Njia ya kuitoa ilikuwa kumwaga mvinyo kutoka chupa hii hadi nyingine. Pole pole, unapoteza mapovu, unapoteza mvinyo, unapoteza muda. Mdosi wa Urusi hataki kulipa pesa kibao apate glasi inayofanana na maji ya mto wakati wa mvua.

Karibu mwaka 1816 alitoa jibu ambalo leo linaonekana jepesi. Alichukua meza, ikatobolewa matundu, chupa zikasimamishwa humo kichwa chini. Kila siku mfanyakazi anaizungusha kila chupa kidogo na kuitikisa taratibu. Baada ya wiki kadhaa mashapo yote yanateremka mpaka shingoni, yanakaa juu ya kizibo. Unafungua haraka, presha inayatema nje, unajaza kilichopungua, unafunga tena. Mvinyo unabaki safi kama kioo na mapovu yake yote.

Hakuwa peke yake. Msimamizi wa stoo, Antoine Müller, aliboresha hiyo kazi, yale matundu yakakatwa kwa mshazari ili chupa ianze imelala halafu isimame pole pole. Lakini wazo lilihitaji mdosi aliye tayari kuharibu meza yake na kusikia wafanyakazi wakinung'unika kwamba hii haitafanya kazi. Kwa miaka kadhaa siri haikutoka nje ya hiyo stoo, na washindani walikuwa wanashangaa huyu mjane anasafishaje chupa nyingi hivyo. Leo mashine zinafanya kazi hiyo Champagne yote, lakini zinafanya kitu kilekile: kichwa chini, zungusha kidogo, ngoja.

Mwaka 1818 akaja na kingine. Shampeni ya waridi ilikuwepo, ila watu waliipaka rangi kwa kutia maji ya matunda mengine. Yeye alitoa mvinyo mwekundu wa shamba lake la Bouzy, akauchanganya na ule mweupe. Rangi sasa ilikuwa na ladha yake, zabibu kwa zabibu. Njia hiyo bado inatumika.

Tamu kushinda soda

Kama ungeonja shampeni yake ya wakati huo, pengine ungeuliza kama ni sharubati. Warusi walipenda sukari nyingi sana, na mjane alijua mteja ndiye mdosi. Baada ya kutoa mashapo, mvinyo uliongezwa sukari kulingana na nchi mzigo unakoenda. Waingereza walitaka mkavu, Warusi walitaka asali.

Tunajua hili vizuri kwa sababu ya ajali. Mwaka 2010 wapiga mbizi walipata meli iliyozama zamani karibu na visiwa vya Åland, Finland, ikiwa na chupa 168 za shampeni, na baadhi yake zilikuwa za huyu mjane. Wanasayansi walipopima wakapata karibu gramu 150 za sukari kwa lita. Soda yako ya kawaida iko karibu 106. Chupa nyingi unazoona leo zimeandikwa brut, na hizo haziruhusiwi kufika hata gramu 12. Mwaka 2011 chupa moja ya Clicquot kutoka hiyo meli iliuzwa kwa mnada kwa yuro 30,000, sukari zake zote zikiwa ndani.

Hii inabadilisha hata chakula. Ule mtamu wa zamani ulikuwa unakunywewa mwisho wa mlo, na keki na vitu vitamu. Huu mkavu wa siku hizi unapenda chumvi na mafuta. Ule ukali wa zabibu za baridi unakata mafuta mdomoni vile ndimu inakata kwa samaki wa kukaanga, na mapovu yanasafisha ulimi uanze upya. Ndiyo maana wataalamu wa mvinyo hawaoni aibu kuipanga na vibanzi ama kuku wa kukaanga. Keki ya harusi ndiyo adui yake, kwa sababu sukari ya keki inaifanya iwe chungu. Sasa umejua, usiseme hukuambiwa.

Hakuwa malaika, alikuwa mfanyabiashara

Usinichukulie kama mtu wa kumpigia debe. Alikuwa mkali kwa kazi, na pia aliwahi kupotea njia. Miaka ya 1820 aliingia kwa mambo ya benki na vitambaa, ile tamaa ya mtu aliyefaulu kwa kitu kimoja akadhani atafaulu kwa vyote. Benki moja ya Paris iliyokuwa na pesa zao ikaanguka, na nusura kampuni ianguke nayo. Aliyeokoa jahazi ni Édouard Werlé, Mjerumani aliyeingia kwa kampuni mwaka 1821 akiwa kijana wa chini kabisa, ambaye aliweka mali yake mwenyewe hatarini kulipa waliokuwa wanagonga mlango.

Barbe-Nicole hakusahau. Mwaka 1831 akamfanya Werlé mshirika kamili. Benki na vitambaa vikaachwa, wakabaki na kile wanachojua.

Na familia? Bintiye Clémentine aliolewa mwaka 1817 na Louis de Chevigné, kabaila mwenye jina kubwa na mfuko mdogo, ambaye alikuwa na kipaji cha kutumia pesa za mama mkwe. Mjane alimpenda, akamlipia madeni, akawajengea jumba kubwa la Boursault. Lakini kampuni hakumpa. Hakumpa hata bintiye. Wao walipata utajiri, Werlé akapata usukani. Hapa ndipo stori inauma kidogo: mwanamke aliyevunja ukuta hakumfunguliwa binti yake mlango. Alimlea awe kile ambacho yeye alikataa kuwa, mke wa mtu mkubwa.

Damu haikupotea lakini. Kitukuu chake Anne, aliyekuja kuwa Duchess wa Uzès, anatambulika kama mwanamke wa kwanza Ufaransa kupata leseni ya kuendesha gari, mwaka 1898, na pia wa kwanza kupigwa faini ya kukimbiza gari. Hiyo damu unaijua ilitoka wapi.

Alichoacha

Barbe-Nicole alifariki tarehe 29 Julai 1866 huko Boursault, akiwa na miaka 88. Alikuwa mjane kwa miaka 60 na zaidi. Ile bizna iliyokuwa inafungwa mwaka 1805 ilikuwa sasa inauza mamia ya maelfu ya chupa kwa mwaka, na watu walikuwa wanamwita Bibi Mkubwa wa Champagne. Ile lebo ya manjano inayokupa ishara klabuni hakuwahi kuishuhudia ikisajiliwa. Ilisajiliwa mwaka 1877, miaka 11 baada ya kuaga. Siku hizi kampuni ni ya LVMH, jitu lilelile la Louis Vuitton, na mwaka 2023 sinema ya maisha yake, Widow Clicquot, ikatoka.

Njia yake wengine waliifuata. Louise Pommery, mjane mwingine wa Reims, alichukua bizna ya marehemu bwana yake na mwaka 1874 akatoa shampeni kavu iliyobadilisha ulimi wa dunia. Neno mjane likawa na thamani kiasi kwamba kampuni nyingine zilianza kulitafuta liwe kwa lebo zao.

Kwa hivyo ukiona hiyo chupa ikipita na fataki zake, usiangalie bei pekee. Soma neno la kwanza. Liliwekwa hapo na dame aliyejua kwamba sheria ya nchi yake ilimtambua kwa njia moja tu, akaliandika kwa chupa ili kila anayelipa alitamke. Na kama kuna mjane kwenu ambaye watu wanamshauri auze duka la marehemu akapumzike, kabla hujaunga mkono, muulize kwanza yeye mwenyewe anataka nini. Huenda tayari ana mpango, na kinachokosekana ni mtu wa kumwongezea mtaji.